Panki Kwenye Kinu cha Mawese

Mteja aliyenipeleka kwenye muziki ule alikuja studio kutafuta picha ya kitambulisho, na alinishinda. Kazi hii nimeifanya tangu mjomba aliponiachia duka lake la picha hapa Rumonge, kwenye pwani ya ziwa Tanganyika, katika mtaa ambako adhana na cherehani husikika pamoja, na watu wasiotulia nimewazoea: watoto, wazee wanaosinzia, mabibi harusi waliokaribia kulia. Lakini huyu dada, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni, mpana wa mabega, alikuwa ameketi wima kama nilivyomwambia, uso umetulia, macho kwenye lenzi, huku vidole vyake vikigonga magoti na kisigino kikipiga sakafu. Kila nilipobonyeza, bega lilikuwa limepanda.

"Dada, tulia kidogo," nikamwambia.

"Nimetulia."

"Mikono."

Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akacheka. "Pardo. Hii haisikiyi. Iko inafanya repetisyo."

"Mazoezi ya nini? Kwaya?"

"Panki."

Kwetu panki ni mtindo wa nywele, ule wa vijana wanaonyoa pembeni na kuacha mstari katikati kama jogoo. Nikatazama kilemba chake. Akaona ninachokitazama.

"Si nywele, ni muziki. Miye napiga ngoma." Akainuka kwenye kigoda kabla sijamruhusu. "Weye unapiga foto za watu wenye kuruka?"

"Za watu waliokaa."

"Basi kuja dimanshi, kule Kizuka, kwenye kinu cha mawese. Kuja na kamera yako. Ukiona iko mbaya, utarudi kwako."

Jumapili ile sikuwa na harusi. Nilijiambia naenda kwa sababu hiyo. Kweli ni kwamba tangu mume wangu afariki, Jumapili zisizo na harusi zilikuwa zimenishinda. Nilikuwa nazimaliza kwa kufuta vumbi kwenye fremu ambazo hazikuwa na vumbi. Nikapanda pikipiki mpaka Kizuka, kamera ndani ya kitenge mgongoni kama mtoto.

Kinu kilikuwa banda la mabati katikati ya michikichi. Siku za kazi watu hukamulia mawese humo. Jumapili mashine hupumzika, na mwenye banda alikuwa amewaachia wanamuziki jenereta. Sakafu ilikuwa nyekundu na inateleza, harufu ya mafuta imeingia mpaka kwenye mbao. Watu walikuwepo, wengi kuliko nilivyotegemea: vijana wa sekondari, mafundi, wamama wawili waliobeba watoto, mzee mmoja aliyekuja kwa sababu alisikia kelele. Mbele yetu walikuwa watatu.

Wa kwanza nilishamjua, muuza ndagala wangu. Alikuwa amekaa nyuma ya mapipa ya plastiki ya mawese yaliyokatwa kwa urefu tofauti, na juu yake mabati mawili ya duara yakining'inia kwenye chuma. Vitu hivyo vyote vilitengenezwa na yule wa pili, mpiga gita, fundi wa kuchomelea milango na madirisha mjini. Baba yake alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na alipiga rumba kwenye mabaa ya pwani hii mpaka vidole vikakataa. Gita lilikuwa la baba. Ampli ya kukuza sauti aliiunda mwenyewe ndani ya sanduku la redio kubwa ya zamani.

Wa tatu ndiye aliyekuwa anaimba. Mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa ili isidondoke. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akakulia huko, akarudi na wazazi wake akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sokoni watu walimwigiza ili wacheke. Alipenda kuniambia baadaye kwamba kwenye nchi mbili amechekwa kwa sababu ya jinsi anavyoongea, basi akaamua bora apige kelele.

Muuza ndagala akagonga vijiti vyake hewani, moja, mbili, tatu, nne, na ile sauti ikatoka.

Nimesikia harusi ngapi, vipaza sauti vingapi vibovu. Sikuwa nimesikia kitu kama kile. Gita lilinguruma kama mashine ya kusaga inayokula mawe, mapipa yakafuata mbio, na yule mwalimu mwembamba akafungua mdomo akatoa sauti ambayo sikujua inakaa wapi ndani ya mwili wake. Mabati ya paa yakaitikia. Mtoto mgongoni kwa mama yake akaacha kulia, akashangaa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kisha nikajikuta nacheka peke yangu, nimeziba mdomo kwa mkono.

Wimbo wenyewe haukumaliza hata muda wa kumenya chungwa. Maneno yake yalikuwa rahisi:

"Kule mlisema rudi kwenu,
huku mnasema umetoka wapi,
basi nisogezeeni kiti!"

Na banda zima: "Kiti! Kiti! Kiti!" Watu wakiruka kwenye sakafu ile ya mafuta, wakishikana ili wasianguke, wakianguka, wakiinuliwa. Hilo ndilo lililonigusa mwanzo kuliko muziki. Kijana akianguka, mikono ya watu wasiomjua ilikuwa imeshamfikia kabla hajagusa chini. Kulikuwa na waliozaliwa hapa na waliorudi, Waislamu na Wakristo, watu ambao nyumba zao zimewahi kugombania kiwanja kimoja, na kila mmoja alikuwa anadai kiti kwa sauti kubwa.

Nilipiga picha bila kukoma. Jioni, nyumbani, nilizitazama moja moja na moyo ukashuka. Zilikuwa moshi. Mikono bila watu, meno bila uso, taa iliyochora mstari. Flashi yangu ya harusi iliwafanya waliokuwa karibu waonekane kama wamekamatwa wakiiba. Katika zote, moja tu ilikuwa safi: mguu wa mpiga ngoma, peku, kidole gumba kimekunjwa kwa bidii juu ya sakafu nyekundu.

Nikampelekea sokoni. Akaifuta mikono magamba ya samaki, akaishika kwa pembe, akaitazama muda mrefu.

"Huu iko muguu wangu," akasema.

"Nyingine zote zimeharibika. Mnakwenda mbio sana, siwapati."

"Kwa sababu unatukimbiza." Akachukua kopo tupu la kupimia ndagala, akaanza kuligonga kwa vidole mbele ya wateja. "Sikia. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye moja mikono yangu iko chini. Kwenye nne iko juu, na mwimbaji anavuta pumzi. Kila mara. Weye hesabu pamoja na sisi, usitukimbize. Kwenye nne, finya."

Mteja mmoja akauliza kama ndagala zinauzwa au zinaimbwa. Sote tukacheka. Lakini niliondoka pale nikihesabu, na nikahesabu mpaka nyumbani, nikifinya kitufe ambacho hakikuwepo mkononi. Mama yangu, ninayeishi naye, aliniona jikoni nikihesabu huku nikikoroga ugali, akaniuliza nina deni na nani.

Nikarudi kinuni Jumapili iliyofuata, na nyingine. Flashi niliiacha nyumbani. Nilijifunza kusimama upande wa mlango, ambako mwanga wa mchana uliingia kwa ubavu. Nilijifunza kwamba mpiga gita hufumba macho dakika ya mwisho kabla ya kubadilisha wimbo, na kwamba mwalimu, kabla ya kupiga ukelele mkubwa, huvua kiatu kimoja. Kwa nini kimoja, hakuwahi kujua mwenyewe. Nilipomwonyesha kwenye picha alishtuka kama mtu aliyeambiwa anakoroma.

Kulikuwa na siku walipopiga mjini, uani nyuma ya karakana ya mpiga gita. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, aliruhusu kwa sharti wamalize kabla ya magharibi. Katikati ya onyesho adhana ya alasiri ikaanza, na muuza ndagala, ambaye ni Mwislamu kama mimi, akainua vijiti vyake juu, akavishika hivyo. Gita likakata palepale. Watu waliokuwa wanarukiana wakakaa chini kwenye mchanga, wanahema, jasho linawadondoka, kimya. Nina picha ya ule ukimya. Wageni wakiiona studio huniuliza ni msiba wa nani.

Adhana ilipoisha, kabla vijiti havijashuka, mtu mzima mmoja aliyevaa koti akasimama katikati ya ua. Hakuwa mlevi, na hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayeona jambo halijakaa sawa.

"Miye nauliza tu," akasema. "Katika nchi hii, tangu lini mwanamuke anapiga ngoma?"

Watu wakageuka kumtazama. Kwetu hilo si swali dogo; ngoma zile kubwa za mbao zina heshima yake na wapigaji wake, na ni wanaume. Mwalimu akafungua mdomo kujibu, nikaona muuza ndagala amemwekea mkono. Akasimama nyuma ya mapipa yake.

"Amahoro, muzee wangu," akamsalimu kwa upole. "Ile ngoma miye naiheshimu. Sijaigusa na sitaigusa. Hii si ngoma. Hii iko pipa ya mawese. Nimebeba mawese kwenye kichwa tangu niko mutoto, hakuna mutu alisema mwanamuke asiguse pipa."

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Yule mzee alifikiri kidogo. Nilitarajia aondoke. Badala yake akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Kweli, hii iko pipa," akatafuta tofali, akakaa. Katika picha yangu ya baadaye yupo mstari wa mbele, ameziba masikio kwa mikono miwili, na anatabasamu kwa meno yote.

Mwaka huo ziwa lilipanda. Wa mbali husikia Tanganyika na kufikiria maji ya kupendeza; sisi tuliyaona yakiingia polepole, bila haraka, kwenye nyumba za watu. Yalimaliza fukwe, yakamaliza njia ya waanikaji samaki, yakaanza kugonga milango. Muuza ndagala alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na maji, aliyoijenga mwenyewe chumba kimoja baada ya kingine. Kwanza aliweka mifuko ya mchanga. Kisha akapandisha kitanda juu ya matofali. Asubuhi moja alinipigia simu akaniambia sufuria zinaogelea.

Tulikwenda kumhamisha, wanamuziki wenzake na mimi na majirani ambao bado walikuwa na nguvu baada ya kuhamisha vya kwao. Tulibeba godoro, kabati, nyavu, mashine ya kushonea ya marehemu mama yake. Mchana vyote vilikuwa juu ya mkokoteni barabarani, na sisi tukiwa tumesimama uani, maji magotini, tukitazama nyumba tupu.

Mwenye nyumba akageuka. "Mapipa yangu iko wapi?"

"Kwenye mkokoteni," mwalimu akamjibu.

"Tuyarudishe. Hii nyumba haijasikia panki bado."

Mpiga gita alitazama nyaya, akatazama maji. "Umeme na maji, hapana," akasema. "Miye nina watoto." Akachukua gita hivyo hivyo, bila ampli, akalifunga juu kifuani.

Wakapanga mapipa juu ya meza iliyoachwa, na muuza ndagala akapanda kwenye kiti. Nikatumbukiza kamera kwenye mfuko wa plastiki, nikatoboa tundu la lenzi kwa meno. Akahesabu nne.

Bila umeme, gita halikusikika kabisa. Zilisikika ngoma na koo la mwalimu, na majirani walipoona hivyo, wakalijaza pengo la gita kwa miguu. Walipiga maji. Watu walioamka siku hiyo wakiwa hawana nyumba walikuwa wanaruka kwa pamoja ndani ya ziwa lililowafukuza, na kila waliposhuka maji yalipaa kuliko vichwa vyao. Hakuna aliyewafundisha. Niliingia katikati yao, nimelowa mpaka kwenye ushungi, nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, na kwenye nne maji yakiwa juu kabisa, nafinya.

Ukuta wa jiko ukaanguka katikati ya wimbo wa mwisho. Hakuna aliyekuwa karibu nao. Ulilala ubavu taratibu, kama ng'ombe anayelala, ukatoa mlio mzito, na wimbi likatufikia mapajani. Wimbo ukakatika. Tukamtazama mwenye nyumba juu ya kiti chake. Yeye alikuwa anautazama ukuta, vijiti mkononi. Niliinua kamera, nikaishusha, nikaiinua tena, kwa sababu nilihisi angetaka saa ile ionekane. Nikabonyeza.

Kisha akavuta kamasi, akasema kwa sauti ya sokoni, "Hilo jiko lilikuwa linavuja toka zamani," akahesabu nne, wakaumalizia wimbo.

Barabarani, tukisukuma mkokoteni, alilia sana. Mwalimu alimshika upande mmoja na mimi mwingine. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sasa anaishi kwa dada yake huko Kizuka, mlimani, mbali na maji, na kila asubuhi anashuka kuuza ndagala. Kwa mazoezi amesogea karibu. Kinu kiko nyuma ya nyumba. Ukuta wa studio yangu, uliokuwa wa mabibi harusi tupu, nimeugawa. Upande mmoja kuna vitambaa vyeupe na maua, upande wa pili kuna maji yaliyopaa, mguu peku, mzee aliyeziba masikio. Mama alisema nitafukuza wateja. Wachache walikimbia kweli. Lakini bibi harusi mmoja kutoka Muhuta alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, akamwambia mchumba wake, "Miye nataka moja kama hii, tuko tunaruka." Wakaruka, na gauni likaruka nao, na kwenye nne niliwapata.

Juzi juzi aliingia baba mmoja mnyoofu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, akitaka picha ya pasi. Alipotaja jina la ukoo nilijua ni baba wa mwalimu. Nilikuwa nimesikia habari zake: mwalimu wa katekisimu, mtu wa kanisa tangu kambini, ambaye hajawahi kukanyaga kinuni na nyumbani huzungumza na binti yake juu ya kila kitu isipokuwa muziki. Akakaa, akatulia kama nguzo. Nilimaliza haraka. Aliposimama akauona ukuta.

Binti yake yuko katikati, kwenye picha kubwa kuliko zote: miwani imepinda, kiatu kimoja hakipo, mdomo wazi mpaka unaona koo. Baba alisogea karibu. Nikajiandaa kujitetea, na kumtetea.

"Ni wewe uliyepiga?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Siku aliyozaliwa alilia hivi hivi." Alizungumza Kiswahili kile kile kilichonyooka cha binti yake. "Alizaliwa ndani ya hema, kabla ya wakati. Mkunga alituambia tusimpe jina kwanza, tusubiri. Basi akafungua mdomo akapiga ukelele, kambi nzima ikasikia. Watu walitoka kwenye mahema. Mkunga akacheka, akasema mpeni jina, huyu anakaa."

Alitoa leso, akafuta kioo cha fremu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Huwa anaimba juu ya nini?"

"Juu ya kiti," nikasema, na nikamweleza maneno ya ule wimbo, kule na huku. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kiti," akasema. "Hata mimi nilikuwa nakitafuta."

Hakusema kama atakuja. Alichukua picha zake za pasi, akanishukuru kwa murakoze, akatoka. Jumapili, baada ya misa, niliposimama upande wangu wa mlango pale kinuni nikisubiri zile hesabu nne, nilimwona anakuja chini ya michikichi akiwa na shati lile lile, anatembea kwa uangalifu ili viatu visiguse mafuta. Mwalimu alikuwa ameinama anafunga kamba ya miwani; hakuwa amemwona. Muuza ndagala alimwona. Akanitazama mimi, akanyanyua nyusi, akainua vijiti.